Mtoto amechelewa, OT (mtaalamu wa tiba kwa vitendo) nampata wapi hapa Tanga? Maswali tunayoulizwa kila siku

Haya maswali nayapata kila mahali, benchi la kusubiri kliniki, Ngamiani mtaani, mpaka kwenye daladala ya Pongwe mama mwenzangu akiona jinsi nilivompakata mwanangu anaanza kuuliza. Nimeona niyaweke sehemu moja ili mtu akiniuliza nimtumie tu. Mi sio dokta, ni mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaliyomo humu ni tuliyofundishwa na wataalamu na tunayoyajua wazazi kwa kuzunguka. Ukiambiwa tofauti na mtaalamu aliyemshika mwanao kwa mikono yake, msikilize yeye.

Mwanangu ana mwaka na nusu hatembei. Kila mtu ananiambia nisubiri, eti hata baba yake alichelewa. Nisubiri?

Usisubiri.

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya wa nchi tano, Ghana ikiwemo, majibu yakatoka 2006, wakaona karibu wote wanakaa bila kushikwa wakiwa na miezi 9 na kidogo, na kutembea wenyewe hata wale wa mwisho mwisho ni miezi 17 na nusu hivi. Kutambaa ndo usihangaike nako sana kwan wapo watoto wazima kabisa ambao hawakutambaa kwa magoti, walisimama moja kwa moja. Kwahiyo miezi 18 ikifika na hajapiga hatua, apelekwe. Haimaanishi ana tatizo, inamaanisha aangaliwe. Kama alizaliwa njiti hesabu kuanzia tarehe aliyotakiwa azaliwe, sio siku aliyotoka, hesabu hivo mpaka afike miaka miwili.

Na sio kutembea tu, apelekwe hata kwa haya. Mtoto miezi minne imepita shingo bado inaanguka, mwili mkavu ukimvalisha miguu inapishana kama mkasi, au kinyume chake kalegea ukimbeba anateleza mikononi, au keshakua kidogo haitiki jina lake, haangalii usoni, hanyooshi kidole kuonyesha kitu. Au anatumia mkono mmoja tu na ule mwingine kaukunja ngumi muda wote na bado hajafika mwaka. Hapo watu wanafurahi wanasema huyu atakuwa wa mashoto, jamani mtoto mdogo hivo hachagui mkono, akichagua ujue ule mwingine una shida. Na mtoto aliyekuwa anasema maneno mawili matatu afu kayaacha, au alikuwa anakaa sasa hawezi tena, huyo hasubiri hata wiki.

OT ni nini hasa, na tofauti yake na fizio ni ipi?

Tiba kwa vitendo, wengine wanasema tiba kazi, hospitali utasikia wanasema OT tu. Fizio anahangaika zaidi na misuli, viungo, kukaa, kusimama, kutembea. OT anauliza huyu mtoto siku yake inaendaje: anakulaje, anashikaje kikombe, anavaaje, anaogaje, anachezaje, chooni anakwendaje, shuleni atashikaje penseli, na kelele za mziki wa harusi jirani anazivumilia au anajipiga kichwa ukutani. Kazi ya mtoto ni kucheza na kujifunza kujihudumia, ndo hiyo anayoitibu.

Kwa watoto wadogo kazi zao zinaingiliana sana na mara nyingi hapa kwetu utamkuta fizio kwanza, kwasababu wao ni wengi na OT ni wachache. Usikatae kumuona fizio eti we umekuja kwa OT. Anza na aliyepo, afu muulize wazi "na OT tutamuona lini?"

Naanzia wapi?

Anzia pale unapompima uzito. Nenda na kadi ya kliniki, usiseme "mtoto yuko mzito mzito" maana nesi ana foleni ya wamama arobaini atakwambia atachangamka. Sema kitu kimoja kimoja: ana miezi kadhaa, hakai, mkono wa kulia haufungui, akinywa uji anapaliwa. Omba aandikiwe rufaa. Ngazi zinaanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, afu ya rufaa ya mkoa ambayo kwetu ni Bombo. Wa Muheza wana Hospitali Teule, wa Korogwe wana Magunga, anzeni huko huko mpate karatasi, msifunge safari ya mjini mikono mitupu.

Ukifika Bombo uliza idara ya utengamao, ndo wanakokaa fizio na wenzao. Muone na daktari wa watoto pia, sio mazoezi tu, maana lazima mtu atafute kwanini mtoto kachelewa. Waombe wampime masikio na macho. Hili nalisisitiza kwan kuna mtoto anaitwa zezeta mtaani kumbe hasikii tu, na mtoto mwenye utapiamlo naye anachelewa kila kitu mpaka lishe ikae sawa.

Afu pata vitu vitatu kabla hujaondoka: jina la mtaalamu, siku anazokuwepo, na namba ya simu ya idara kama wanatoa. Wataalamu nao mji huu ni waja leo waondoka leo, anahamishwa, anaenda kusoma, anaenda likizo ya uzazi, we unatoka Mabokweni na bajaji ya hela nyingi unakuta mlango umefungwa. Piga simu kwanza.

Nibebe nini siku ya kwanza?

Kadi ya kliniki, karatasi ya rufaa, bima kama unayo, dawa zote anazotumia (beba na makopo yake usitaje kwa rangi), na ile karatasi uliyoruhusiwa nayo hospitali ulipojifungua kama bado unayo, hasa kama hakulia alipozaliwa, alipata manjano kali, au aliwekwa kwenye oksijeni. Kumbuka pia kama aliwahi kulazwa kwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, vyote hivo vinaweza kuugusa ubongo.

Beba chakula chake na kijiko chake na kikombe chake. Wengi hawajui hili. OT akitaka kuona anavyokula we ukawa huna kitu anabaki kukuuliza tu maswali. Na mrekodi video nyumbani kwa simu, dakika moja moja: anakula, anacheza, anavalishwa, anapostuka. Hospitali mtoto ananuna au analala, video inasema ukweli.

Mpeleke akiwa ameshiba na amelala vizuri. Mtoto mwenye njaa hapimiki.

Nimelipa nauli yote ile mtu kaja kucheza na mwanangu na vikombe nusu saa, hajampa hata dawa. Nimeibiwa?

Hujaibiwa bibie. Hili lalamiko ndo linaongoza, na kina baba ndo wanalipenda zaidi. Alipokuwa anampa vikombe alikuwa anaangalia macho yanafuata kitu au hayafuati, mkono upi unatangulia, kiganja kinafunguka kabla ya kugusa au baadae, mtoto anavusha kitu kutoka mkono huu kwenda ule au hawezi, akikosa anarudia au anakata tamaa, mgongo unamshika kwa muda gani kabla hajainama. Hamna kipimo cha damu cha kuonyesha hayo, wala sindano wala sirapu ya kuyatibu.

Ila una haki ya kumuuliza. Mwambie "dokta umeona nini, na mimi nikifika nyumbani nifanye nini?" Asikuache utoke na neno "mazoezi" tu. Yapi, akaeje, mara ngapi kwa siku, na nikiona nini niache. Akikuonyesha, mwambie ufanye we akiwa anaangalia, akurekebishe mikono. Na muombe umrekodi kwa simu akiwa anafanya, wengi wanakubali.

Kwa maoni yangu lile saa moja la mtaalamu ni la kukufundisha wewe. Mtoto anamuona OT mara moja kwa wiki mbili, kwa mwezi kwa waliobahatika kidogo, wewe unamlisha mara nne kwa siku.

Gharama zikoje? Sina bima.

Kisera mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure vituo vya serikali, pamoja na kwamba wote tunajua kuna vitu utaambiwa ukanunue nje. Akivuka mitano na hali ni ngumu, muone afisa ustawi wa jamii hospitali, yupo kwa ajili hiyo, unaenda na barua ya serikali ya mtaa anaangalia suala la msamaha. Usione aibu, ile barua sio kuomba omba.

Kwenye bima usiulize "mnalipia matibabu ya mtoto?" kila mtu atasema ndio. Uliza: mnalipia utengamao, fizio na OT, mara ngapi kwa mwaka, na vifaa kama kiti na viatu maalum vimo? Uliza na ngazi ya rufaa, kwan ukiruka ngazi ukaenda moja kwa moja hospitali ya kanda wanaweza kukataa kulipa.

Kinachomaliza hela hasa ni usafiri. Kaa na idara wakupangie siku moja fizio, OT na daktari, waambie unatoka mbali, wakikusikia wanapanga.

Na sheria ipo, ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010, inataja matibabu, utengamao na elimu kama haki. Hutoenda nayo kugombana dirishani ila ni vizuri ujue kwamba hufanyiwi hisani.

Twende Dar au Moshi?

Tanga tuko kanda ya kaskazini, rufaa yetu ya juu ni KCMC Moshi, na pale ndo kuna chuo wanasomesha hao OT wenyewe, kwahiyo wapo wataalamu na wapo wanafunzi wanaojifunza kwa watoto wetu, mi naliona ni jambo zuri kwan mwanafunzi ana muda. Dar kuna Muhimbili na kuna hospitali ya CCBRT pale Msasani ambao watoto wenye mtindio, miguu kifundo na mdomo sungura ndo kazi yao ya kila siku.

Basi la kwenda kokote kati ya huko ni siku nzima kwa mtoto mwenye mwili mkavu, ukifika Segera ndo njia zinagawanyika na mtoto keshachoka. Ushauri wangu, nenda mara moja kwa mpango: akapimwe vizuri, upewe mpango ulioandikwa, ufundishwe, upate kifaa kama kinahitajika, afu urudi nao Tanga uendelee na fizio au OT wa karibu yako ukiwa na hiyo karatasi mkononi. Ndugu wa Dar wanakwambia "mlete akae huku miezi miwili", sawa kama wana moyo huo, lakini nani atamfanyisha mazoezi wakati we umerudi kwenye biashara yako? Nenda nae wewe, au aende yule anayemlea kweli kweli, sio mjomba kwasababu ana nafasi.

Kumlisha kunanichukua saa nzima, anapaliwa, anakohoa, nguo zote uji. Nifanyeje?

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo pana hatari na ndo wengi tunafundishwa vibaya na waliotutangulia.

Kwanza usimlishe amelala chali. Najua ndo tulivyoona bibi zetu wakifanya, mtoto juu ya miguu, pua inabanwa, uji unashuka. Mtoto mwenye mtindio hawezi kufunga njia ya hewa haraka, uji unaingia kwenye mapafu, afu baada ya siku mbili homa na kifua, unatibu nimonia kila mwezi hujui inatoka wapi. Akae wima, mgongo umeegemezwa, nyonga zimekunjwa, miguu ina pa kukanyaga hata kama ni tofali limefunikwa kanga, kichwa kiko katikati na kidevu kimeshuka kidogo. Kikiinuka kumezea ni kazi, jaribu mwenyewe kumeza maji ukiwa unaangalia dari.

Na wewe kaa mbele yake usawa wa macho, usisimame juu yake, maana ukisimama lazima ainue kichwa. Kijiko kidogo kisicho na kina, kipitie chini mbele, ubonyeze ulimi kidogo, usubiri afunge mdomo mwenyewe. Usimkwangulie chakula kwenye meno ya juu. Usitie kingine kabla hajameza.

Watu wanadhani chepesi ndo rahisi, kumbe maji na chai vinakimbia kabla hajajipanga, ndo vinavyompalia zaidi. Uji mzito unaoshikana kwenye kijiko, viazi vya kuponda, ndizi, mchuzi wa samaki umechujwa miba (nguru ana miba mikubwa unaiona, dagaa saga kabisa). Kwasababu anakula kidogo, kila kijiko kiwe na nguvu: tui la nazi kwenye uji, karanga iliyosagwa laini, yai, parachichi. Akimaliza abaki amekaa wima nusu saa hivi, usimlaze.

Ukisikia sauti inakuwa ya majimaji baada ya kula, macho yanatoka machozi kila mlo, anakuwa wa bluu midomoni, uzito unashuka kliniki mbili mfululizo, au homa za kifua haziishi, mwambie daktari haraka na utaje kwamba ni wakati wa kula. Hayo hayaishi kwa kubadilisha kijiko.

Nyumbani nimfanyie nini? Sina midoli wala vifaa vile vya hospitali.

Huhitaji. Vitu vya OT vipo jikoni kwako.

Ukikanda unga wa chapati mkatie donge abonyeze. Beseni la maji na vikombe viwili vya plastiki amimine huku na huku, huko ndo kujifunza kugeuza kiganja. Vibanio vya nguo vinatia nguvu vidole. Chungwa la Muheza ulianzishe kumenya yeye amalizie kubandua. Mchanga, kama una nafasi jioni mpeleke ufukweni Raskazone, mchanga mkavu afu wa maji, mtoto asiyependa kugusa vitu anaanza kwa kuweka kidole kimoja. Vitu vidogo kama maharage na gololi usimuachie peke yake, vinaingia puani na kooni.

Kuvalisha: mkono mgumu unatangulia kuingia, na wakati wa kuvua unatoka mwisho. Dogo hilo ila linamaliza vita vya asubuhi. Na mpe nafasi amalizie yeye, we pandisha suruali mpaka mapajani afu sema "haya vuta", hata kama inachukua muda. Kama una haraka ya soko basi fanya hivo jioni, sio lazima kila saa.

Kubeba: yule ambae miguu inajibana, mbebe ubavuni mguu mmoja mbele mmoja nyuma, au mgongoni na kanga miguu ikiwa imepanuliwa. Usimbebe kama mtoto mchanga amenyooka kama ubao, unamkaza zaidi. Na asikae mkao mmoja siku nzima. Chali masaa na masaa akiangalia bati hajifunzi kitu, mlaze ubavu na kitu mbele ya mikono, mlaze tumbo ukiwa unamuona, mkalishe.

Mchagulishe. Shika embe huku, ndizi huku, subiri aangalie au anyooshe. Subiri kweli, hesabu kumi moyoni. Sisi tunajibu kabla watoto hawajamaliza kufikiri.

Na simu. Naelewa unataka upike, ila WHO, hao hao Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 walisema chini ya miaka miwili haishauriwi kabisa, na miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Katuni zinamnyamazisha, hazimfundishi kushika.

Kiti maalum ni bei kubwa. Kuna njia nyingine?

Ipo. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha kona au kiti chenye meza mbele, ila vipimo avitoe OT au fizio sio fundi wala wewe: upana wa nyonga, urefu wa paja, urefu wa mguu, mgongo mpaka kwapa. Kiti kikubwa "ili akulie humo" hakimsaidii, anazama anapinda mgongo. Kuna na viti vya maboksi na makaratasi vinagundishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga vikikauka ni vigumu kama mbao, ulizia idarani kama kuna anayejua kuvitengeneza. Kwa kuanzia, leo hii, kona ya ukuta na mito miwili, miguu imekunjwa juu ya kanga iliyoviringishwa. Usimuache peke yake tu.

Mama mkwe anasema mtoto kachezewa, anataka tumpeleke kwa mtaalam Pangani.

Pole. Tanga hii nani hajaambiwa. Mi siwezi kukwambia ugombane na mama mkwe na wala haitakusaidia, unamuhitaji huyo mama akushikie mtoto. Dua, kisomo, kombe la kunywa kidogo akiwa amekaa wima, hayo hayajamzuia mtu kwenda kliniki. Mpaka wangu ni huu: asichanjwe wembe, asifukizwe moshi kifuani, asitiwe dawa masikioni wala puani, na dawa za kifafa zisiachishwe hata siku moja. Ukiziacha ghafla degedege linarudi kubwa kuliko mwanzo.

Njia iliyosaidia wengi ni kumchukua bibi mwenyewe twende kliniki. Amwone OT anavyomshika mjukuu, aulize maswali yake, aambiwe na yeye apewe kazi. Bibi akipewa kazi ya kumkalisha na kumuimbia anakuwa mwalimu hodari kuliko wote ndani ya nyumba.

Ana degedege. Mazoezi hayatamzidishia?

Degedege litulizwe na daktari kwanza, mazoezi yanaendelea ukishaambiwa sawa, na mwambie kila anayemshika kwamba anapata. Likija: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, legeza nguo shingoni, angalia saa. Usitie kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimshike kwa nguvu. Likipita dakika tano au likiisha likaja jingine kabla hajazinduka, hospitali.

Wana usonji nao wanahitaji OT? Mwanangu anatembea anakimbia, shida haongei na anaziba masikio.

Wanahitaji sana. Kwa hao OT anaangalia vitu vinavyomkera (kelele, lebo ya shati, kunyolewa, chakula laini) na vinavyomtuliza, afu mnapanga siku yake iwe inatabirika: kuamka, choo, chai, kuoga, kwa mpangilio ule ule, hata kwa picha zilizobandikwa ukutani. Ukijua wiki ijayo kuna harusi mtaani na spika zitawekwa mbele ya nyumba, panga mapema alale kwa shangazi yake. Sio kumdekeza. Kumchapa kwasababu ya kuziba masikio hakujawahi kumfundisha mtoto kitu zaidi ya kukuogopa.

Kuna mtu anajiita therapisti anakuja nyumbani kwa hela. Nimwamini?

Wapo wazuri, wengine ni wale wale wa hospitali wanafanya muda wao wa ziada. Muulize kasoma wapi, leseni yake iko wapi, na anafanya kazi wapi mchana. Mtaalamu hakasiriki ukimuuliza. Mkimbie anayekuahidi mwezi mmoja mtoto atatembea, anayeuza dawa ya kuongeza ubongo, anayekutoa nje akiwa na mtoto, na anayemnyoosha viungo kwa nguvu mpaka mtoto analia mwanzo mwisho. Kuvutwa kidogo kunauma, ila mtoto akilia kila siku kabla hata hajaguswa, kuna kitu hakiko sawa.

Shule je? Mwalimu mkuu kaniambia hawezi kumpokea.

Nenda halmashauri, uliza afisa anayeshughulikia elimu maalum. Kuna shule za msingi za serikali zina kitengo maalum ndani yake, watakuelekeza iliyo karibu na inayofaa hali ya mtoto, maana vitengo vinatofautiana: Pongwe kwa mfano wanajulikana kwa wasioona. Kule Lushoto kuna Irente Rainbow ya KKKT, ni ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Muombe OT akuandikie ripoti fupi mtoto anaweza nini, anahitaji nini, akae wapi darasani, choo kikoje. Mwalimu akiona karatasi inayosema "anajilisha mwenyewe, anahitaji kiti chenye mikono" hofu inapungua nusu.

Baba yake hataki kusikia, anasema nahangaika bure.

Mtume na mtoto kliniki bila wewe. Mara moja tu. Usimpe maelezo, mpe kadi na nauli.

Atapona?

Mtindio haufutiki, ni jeraha la ubongo lililokwishatokea na halikui. Ila mtoto anakua, na anachoweza kinabadilika kwa namna anavyoshikwa, analishwa na kukalishwa, na miaka ile ya mwanzo ndo ubongo unajifunza haraka zaidi. Watoto wengine wanachelewa tu wanafika. Wengine watatembea, wengine watakaa kwenye kiti wakajilisha, wengine watakuonyesha kwa macho wanataka chai au maji, na mimi nakwambia siku mtoto anakuchagulia chai badala ya maji utapika sherehe. Muulize OT lengo la miezi mitatu ijayo, usimuulize la miaka kumi.

Mimi mwenyewe mgongo umekwisha, na biashara nimeacha.

Muombe OT akufundishe wewe kunyanyua: piga magoti, mlete karibu na kifua, uinuke kwa miguu, usimwinamie. Akifika miaka mitano sita uzito sio mchezo. Kuogesha tumia kiti au benchi fupi, usimuogeshe chini umejikunja.

Hela: zile asilimia kumi za mapato ambazo halmashauri inakopesha vikundi, nne ni za wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Wamama tunaokutana benchi la kliniki tunaweza kuwa kikundi cha wanawake tukaomba, kachori na katlesi zinauzika na unakaangia nyumbani mtoto yuko pembeni. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kaka zake wanaweza kumfanyisha mazoezi?

Wanaweza na wanamuweza kuliko sisi, ila wape mchezo, usiwape zoezi. Kurushiana mpira wakiwa wamekaa chini, kujificha nyuma ya kanga, kumshikia kikombe. Kumnyoosha miguu na kumlisha kubaki kwa watu wazima. Na mkubwa asikose madrasa wala mpira kwasababu ya zamu, mpangie muda wake mfupi, akimaliza aende.